Damu kuzunguka si damu kufika

Ukiketi kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali yoyote nchini, utasikia swali moja likirudiwa na jamaa za wagonjwa: "Presha yake iko aje?" Muuguzi akisema presha iko sawa, watu hushusha pumzi na kuanza kupiga simu nyumbani. Akisema imeshuka, nyuso hubadilika. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, neno presha limekuwa kipimo cha uhai wenyewe. Lakini madaktari wa nusukaputi na wale wanaohudumia wagonjwa mahututi wanajua jambo ambalo neno hili linatuficha: mgonjwa anaweza kuwa na presha ya kuridhisha ilhali sehemu za mwili wake zina njaa ya damu.

Makala ya leo yanahusu jambo hilo, yaani namna ya kujua kama damu inafika kwenye ncha za mwili wa mtu aliyelazwa kwa nusukaputi au aliyezidiwa na ugonjwa. Kwa kuwa safu hii ni ya lugha, yanahusu pia namna tunavyolitaja jambo lenyewe. Kiswahili cha hospitalini kina mazoea ya kutumia "mzunguko wa damu" kwa mambo mawili tofauti: damu kwenda na kurudi moyoni, na damu kuifikia nyama ya mwili ikaipa oksijeni na chakula. La kwanza laweza kuwapo bila la pili. Kuzunguka si kufika.

Tuchukue mfano wa mashamba ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Maji hutoka mito ya Thiba na Nyamindi, huingia mfereji mkuu, kisha hugawanywa kwenye mifereji midogo hadi majarubani. Anayesimama kando ya mfereji mkuu na kupima kimo cha maji atapata jibu la swali moja tu, kwamba maji hapo yamejaa kiasi gani. Hawezi kujua kama mkulima wa jaruba la mwisho amepata hata tone. Tena, mtu akifunga malango ya mifereji midogo, maji katika mfereji mkuu yatapanda. Kimo kitapendeza macho, lakini mpunga wa mkiani utakauka.

Presha ni kimo cha maji kwenye mfereji mkuu. Majaruba ni tishu za mwili: ngozi, misuli, figo, utumbo, ini, ubongo. Kati ya mfereji na jaruba kuna kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa kupanga foleni, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo oksijeni huachwa na uchafu huchukuliwa. Wanasayansi wa Magharibi walilipa tendo hili jina kutoka Kilatini, lenye maana ya kumimina kitu kikapita ndani ya kingine. Je, sisi tuliite nini?

"Mtiririko wa damu" halitoshi, kwa sababu linatuambia damu inasonga ndani ya mshipa bila kutueleza inakoishia. Wapo watakaopendekeza "umwagiliaji", kwa kuwa ndilo neno la mashambani. Hilo tulikimbie kabisa. Umwagaji damu kwa Mswahili ni mauaji, na hakuna jamaa wa mgonjwa atakayetulia akiambiwa kwamba umwagiliaji wa damu kwa baba yake umeongezwa. "Unyweshaji" lina picha nzuri, ila katika pwani ambako visa vya mumiani vingali vinasimuliwa, kumwambia mtu kuwa viungo vyake vinanyweshwa damu ni kuchokoza hofu za kale. Na "ufikiaji" limeshachukuliwa na watu wa teknolojia na haki, wanaozungumzia ufikiaji wa habari na huduma.

Linabaki "ufikaji wa damu". Ni nomino ya kawaida inayotokana na kitenzi anachokijua mtoto wa chekechea. Inaweza kunyumbulika katika mazungumzo bila kupoteza maana: damu inafika, haifiki, imeanza kufika, inafika kwa shida. Tukitaka kutaja ncha za mwili, tuseme ufikaji wa damu pembezoni. Nitalitumia neno hilo katika makala haya yote, na msomaji aamue kama linabeba mzigo wake.

Sasa tuingie mwilini. Damu inapopungua au moyo unaposhindwa kuisukuma, mwili hauachi kila kiungo kipate hasara sawa. Mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe hutoa amri mishipa midogo ya damu ijibane, na wa kwanza kufungiwa malango ni ngozi, misuli na utumbo. Damu iliyookolewa huko hupelekwa kwenye ubongo na moyo. Ngozi ni kama mkulima wa jaruba la mwisho, hukatiwa maji mapema na mara nyingi hurudishiwa akiwa wa mwisho. Kwa sababu hiyo ngozi ni shahidi mzuri. Presha inaweza kubaki sawa kwa muda kwa kuwa malango yamefungwa, lakini mikono na miguu tayari imeshatoa habari.

Habari hizo wazee wetu walizijua, na Kiswahili kinazo kwa majina yake. Tunasema miguu ya mgonjwa imezizima, yaani imekuwa baridi kupita kiasi. Tunasema anatokwa na kijasho chembamba, na kwa daktari jasho hilo jepesi juu ya ngozi baridi ni dalili kwamba mwili umeingia katika hali ya dharura. Tunasema uso umesawijika, umepoteza rangi yake ya kawaida kwa ugonjwa. Na mama anayefika zahanati akisema "mwili unachemka lakini miguu ni baridi" ameeleza, kwa maneno sita, kile ambacho vitabu vya tiba hukiita tofauti ya joto kati ya kiini cha mwili na pembezoni. Mwaka 1969, watafiti Joly na Weil walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba joto la kidole gumba cha mguu linaweza kuashiria ukali wa hali ya mgonjwa ambaye damu haimfikii. Mama wa zahanati hakuisoma kazi hiyo. Mkono wake tu ulimtosha.

Daktari au muuguzi huongeza kipimo kingine ambacho hakihitaji umeme wala pesa. Huinua mkono wa mgonjwa ulingane na kimo cha moyo, akabonyeza ncha ya kidole au ukucha kwa sekunde kadhaa hadi rangi iondoke, kisha akaachilia na kuhesabu muda ambao rangi huchukua kurudi. Tuuite muda wa damu kurejea. Utafiti wa Schriger na Baraff wa 1988 miongoni mwa watu wenye afya ulionyesha kuwa kikomo cha kawaida ni takriban sekunde 2 kwa watoto na wanaume wazima, sekunde 2.9 kwa wanawake, na hadi sekunde 4.5 kwa wazee. Ulionyesha pia kwamba baridi hurefusha muda huo. Kwa hiyo sekunde 4 kwa kijana aliye chumba chenye joto na sekunde 4 kwa nyanya wa miaka 80 aliyetoka kwenye baridi ya asubuhi si habari moja.

Kuna waliokibeza kipimo hiki kwa kusema ni cha kizamani na kila mtu huhesabu vyake. Jibu moja lilitoka Amerika Kusini. Kati ya 2017 na 2018, hospitali katika nchi 5, zikiwemo Chile, Argentina na Colombia, zilishirikisha wagonjwa 424 ambao maambukizi yalikuwa yameuporomosha mfumo wao wa damu. Nusu walitibiwa kwa kufuata kiwango cha lakteti, kemikali inayojikusanya kwenye damu wakati tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata muda wa damu kurejea. Ili wote wapime kwa namna moja, madaktari walibonyeza kidole cha shahada kwa kipande cha kioo, kile cha kuwekea vitu chini ya hadubini, kwa sekunde 10, na kuhesabu zaidi ya sekunde 3 kuwa si kawaida.

Matokeo yalichapishwa 2019. Baada ya siku 28, asilimia 43.4 ya wagonjwa wa kundi la lakteti walikuwa wamefariki, na asilimia 34.9 wa kundi la kidole. Ikumbukwe kwamba kwa vigezo vya takwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa njia ya kidole huokoa zaidi. Lakini ilitosha kuthibitisha kwamba kipande cha kioo na saa ya mkononi si mambo ya kudharauliwa. Kwa hospitali ya kaunti ndogo ambayo haina mashine ya kupima lakteti usiku, hiyo si habari ndogo.

Kwenye chumba cha upasuaji mambo hugeuka, na hapa ndipo msomaji wa ngozi hukosea akisoma kwa haraka. Dawa nyingi za nusukaputi, mathalani propofoli na zile za kuvutwa kwa pumzi, huilegeza mishipa ya damu. Malango yanafunguliwa yote kwa mpigo. Mkono wa mgonjwa huwa na joto, rangi hurudi upesi kidoleni, na papo hapo presha inashuka. Sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo akina mama wengi huipata wanapojifungua kwa upasuaji, hufanya hivyo hivyo kwa sehemu ya chini ya mwili: miguu huwa na joto kwa sababu mishipa yake imelegea, na hilo ni ishara kwamba ganzi imeshika. Daktari wa nusukaputi haridhiki na joto hilo. Hutazama pia presha, kasi ya moyo na uso wa mama, kwa maana kichefuchefu au kizunguzungu cha ghafla chaweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwamba presha imeanguka.

Kinyume chake pia kipo. Presha ikishuka, daktari anaweza kutoa dawa za kubana mishipa, kama vile noradrenalini. Kimo cha mfereji mkuu kinapanda, na mara nyingi maisha yanaokolewa. Lakini kipimo kikizidi na damu yenyewe ikiwa haitoshi, vidole vinaweza kuzizima na figo zikapunguza mkojo huku mashine ikionyesha tarakimu nzuri. Ndiyo maana daktari mzuri huangalia mkojo uliokusanyika kwenye mfuko, hugusa magoti na vidole, na akili ya mgonjwa aliye macho huipima kwa kumsemesha. Chumba cha upasuaji chenyewe huwa na baridi, na nusukaputi huupunguzia mwili uwezo wa kujilinda nayo, hivyo vidole baridi mwishoni mwa upasuaji mrefu vinaweza kumaanisha tu kwamba mtu anahitaji blanketi. Dalili moja peke yake ni tetesi. Dalili tatu zikikubaliana ndizo ushahidi.

Je, kile kibanio cha kidoleni kinachotoa mwanga mwekundu? Wengi wetu tulikizoea wakati wa Korona. Ni uvumbuzi uliotokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kifaa hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na ule usioonekana kwa macho ulio karibu nao, kisha husikiliza mapigo: mwanga unaobadilika kwa kila pigo la moyo ndio unaotoka kwenye damu inayoingia. Kutokana na hapo hukadiria oksijeni. Baadhi ya mashine huonyesha pia, kwa asilimia, jinsi sehemu inayodunda ilivyo kubwa ikilinganishwa na ile isiyodunda. Asilimia ikiwa ndogo, damu inafika kidoleni kwa uchache. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka kifaa hiki kiwe kidoleni na kinafanya kazi kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi.

Hata hivyo, kibanio kinahitaji kile kile ambacho mgonjwa mahututi amekikosa, yaani damu kidoleni. Mkono ukizizima, kifaa hupotea njia na kulia. Mara nyingi watu hudhani kimeharibika, wakakihamisha kidole hiki na kile, kumbe kushindwa kwake ndiko taarifa yenyewe. Rangi ya kucha na piko jeusi vinaweza kukitatiza pia, ndiyo sababu muuguzi huwaomba mabibi harusi wa jana waonyeshe vidole kabla ya kuingia upasuaji. Si ukali wala wivu.

Suala la rangi linatupeleka kwenye jambo zito zaidi. Maelezo mengi ya dalili hizi yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Vitabu husema mgonjwa atakuwa mweupe, atakuwa wa buluu, atatokwa na mabaka ya zambarau magotini. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekariri maneno hayo akisimama mbele ya mgonjwa mweusi tititi, atangoje buluu gani? Kwetu rangi hutafutwa ndani ya mdomo, kwenye utando wa chini ya jicho, viganjani, nyayoni na chini ya kucha. Mashine nazo hazijaepuka mtego huu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulionyesha kwamba kibanio kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Kwa hiyo tunapotafsiri vitabu vya tiba, kuandika "mgonjwa huwa wa buluu" ni tafsiri sahihi ya neno na makosa ya maana. Afadhali "husawijika", kisha mwandishi aeleze pa kutazama.

Kugundua kwamba damu haifiki hakutuambii moja kwa moja la kufanya, na somo hilo lilitoka hapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011, utafiti mkubwa ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri: muda wa kurejea wa sekunde 3 au zaidi, miguu baridi mwili ukiwa moto, mpigo hafifu kwenye kifundo cha mkono, au moyo kwenda mbio kupita kiasi. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na Kathryn Maitland ndiye aliyeuongoza. Mazoea ya dunia yalikuwa kumpa mtoto kama huyo maji mengi ya dripu kwa haraka. Watoto 3,141 walihusishwa katika kundi kuu. Kufikia saa 48, karibu asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa mapema, na ukawafanya madaktari duniani kote kutafakari upya. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwa katika utafiti huo, hivyo asije mtu akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa kisingizio chake. Mkulima mwerevu wa Mwea naye anajua kwamba jaruba kavu haliponywi kila mara kwa kufungulia mto mzima. Huenda mfereji umeziba, au kingo zimebomoka.

Turudi kwenye maneno, kwa sababu yanaamua nani anasikilizwa. Madaktari wengi wakitaka kueleza hali hii kwa Kiswahili husema mgonjwa "amepata mshtuko". Kwa jamaa aliyesimama mlangoni, mshtuko ni kushtuliwa. Atauliza nani alimtisha mzee, au atamlaumu aliyemletea habari za deni la shamba. Kisha ataambiwa atie sahihi idhini ya matibabu ambayo hajaelewa sababu yake. Daktari huyo huyo akisema, "Moyo unapiga, lakini damu haifiki vizuri kwenye figo na miguuni, kwa hivyo tunataka kufanya hivi," hakuna aliyeachwa nyuma. Sentensi hiyo haina istilahi hata moja ngumu, na kwa usahihi inaushinda mshtuko.

Upande wa pili ni wa jamaa. Nyanya akimwambia muuguzi kwamba miguu ya mjukuu imezizima na anatokwa na kijasho chembamba, maneno hayo yaandikwe kwenye faili jinsi yalivyosemwa, pamoja na saa. Si uswahili wa mitaani wa kupuuzwa. Ni taarifa ya kitabibu iliyotolewa na mtu aliyeugusa mwili wa mgonjwa kwa muda mrefu kuliko yeyote aliyevaa koti jeupe. Watunga kamusi za tiba wakae na wauguzi na akina nyanya wa aina hiyo kabla ya kukimbilia Kilatini, waorodheshe zizima, sawijika, poa, fa ganzi na kijasho chembamba, na kando ya kila neno waweke maana yake ya kitabibu na mahali pa kugusa. Nao walimu wa vyuo vya uuguzi waongeze swali moja kwenye mafunzo yao. Baada ya mwanafunzi kusoma presha kwenye mashine na kuiandika, aulizwe: umemshika miguu?